Uso wa Nyumba: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kuiuza

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wasomaji wapenzi, mimi niliiamini methali hii tangu nikiwa darasa la tano, nikawa naichomeka katika kila insha ili nijipatie alama. Lakini kati ya Desemba 2024 na Juni 2025 niliona kwa macho yangu haya mawili chema kikikosa kujiuza, kwa sababu kilikuwa kimefunikwa na uchafu. Chema chenyewe kilikuwa nyumba ya nyanya yangu huko Mikindani, Mombasa. Ndipo nikaamua kuwaandikia wenzangu na walimu wetu makala haya, niwaeleze jinsi ya kuutengeneza uso wa nyumba kabla ya kuiuza, na vilevile jinsi ya kutoutengeneza.

Nyumba hiyo ilijengwa na marehemu babu alipokuwa akifanya kazi bandarini. Ina vyumba vinne, kuta za mawe ya matumbawe na paa la mabati. Babu alipofariki, nyanya alibaki humo, na hati ina jina lake. Sasa magoti yake yakaanza kumsumbua hadi kwenda msalani ikawa ni safari. Daktari alisema apasuliwe. Pesa zitoke wapi? Nyanya hakutaka kuwabebesha wanawe mzigo. Akasema auze nyumba, alipie upasuaji, kisha ahamie kwa shangazi huko Voi.

Dalali akaanza kuleta wanunuzi. Wa kwanza alikuja na gari lake, akateremsha kioo, akatazama, akapandisha kioo, akaenda zake. Hakuzima hata injini! Wa pili alishuka lakini hakuvuka geti. Alitaja bei ambayo nyanya alipoisikia alicheka hadi akajifuta machozi, nami sikujua kama yalikuwa machozi ya kicheko. Jamani, nyumba ya mtu aliyetoa jasho lake miaka nenda miaka rudi, inatupwa kama ganda la muwa!

KWA NINI MNUNUZI HUTAZAMA NJE KWANZA

Nilipofikiri vizuri niliona mnunuzi hana makosa. Hebu jiweke mahali pake. Yeye hawezi kuuona msingi, manake umefukiwa. Hawezi kuona mabomba yaliyo ndani ya ukuta, wala nyaya za umeme, wala mbao zilizo chini ya mabati. Kwa hivyo anayahukumu asiyoyaona kwa yale anayoyaona. Akikuta geti limeoza kwa kutu anajiambia, "Kama hawa wameshindwa na geti, je, paa?" Akiona mtaro umejaa taka anaona mbu na malaria. Nazi mbovu harabu ya nzima. Kitu kimoja kibovu pale mbele huharibu sifa za vyumba vinne vizuri vilivyo nyuma yake.

Tena msidhani kupendezesha uso wa nyumba ni kutumia mamilioni. Wazee wetu wa pwani walilijua hili zamani. Ukienda Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, utaona nyumba za mawe ambazo kuta zake za nje hazina madoido. Mapambo mengi, kama zile zidaka zilizochongwa kwenye plasta, yako ndani. Upande wa njiani wenye nyumba waliweka nguvu zao mahali pawili tu: kwenye mlango uliotiwa nakshi na kwenye daka lenye baraza za kuketisha wageni. Ukuta safi, mlango wa heshima na mahali pa kuketi, yatosha.

SIMAMA NG'AMBO YA BARABARA

Jambo la kwanza halina gharama hata ndururu. Toka nje, vuka barabara, ugeuke uitazame nyumba yako kana kwamba hujawahi kuiona. Sisi tulioishi ndani tulikuwa tumezoea kila kitu. Mimi nilipita chini ya kipande cha bati kilichoning'inia miaka miwili bila kukiona! Siku hiyo nilisimama karibu na kibanda cha muuza viazi karai nikiwa na daftari, nikaandika kila kilichoniudhi macho. Nilipata mambo 17. Mjomba alipoisoma orodha yangu alicheka akasema, "Mpwa wangu, wewe ungekuwa mnunuzi ungekimbia."

Mambo hayo tuliyagawa mafungu mawili: yale ya kusafisha na yale ya kutengeneza. Katika yale 17, 11 yalikuwa ya kusafisha tu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nyumba yetu haikuwa mbaya. Ilikuwa chafu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kazi tuliifanya Jumamosi za Januari na Februari 2025, wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika. Ukipaka rangi wakati wa mvua umetupa pesa zako baharini. Na kazi huanzia juu kushuka chini. Ukitengeneza bustani kwanza kisha ukapanda juu ya paa, kutu na vifusi vyote vitaangukia maua yako.

PAA, MITARO NA MAJI YA MVUA

Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi na chuma ni kama paka na panya. Mabati yetu yalikuwa yameshika kutu kwenye kingo na penye misumari. Fundi alisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo akapaka rangi yenyewe. Ukipaka rangi juu ya kutu, kutu haifi. Huendelea kula chuma humo ndani kama mchwa, na baada ya miezi michache rangi hubanduka ikatoka na kipande cha bati. Grili za madirisha na geti tulizifanya vivyo hivyo, na bawaba tukazitia mafuta, manake geti letu lilikuwa likilia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Kwa wale ambao nyumba zao zimeezekwa kwa vigae vya zamani vya asbesto, tafadhali msivisugue wala kuvivunja. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Waachieni wenye kibali cha kazi hiyo.

Baada ya paa tulishughulikia mfereji wa paa, ule ambao mafundi huuita gata. Ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini hadi mche umeota humo! Bomba lake la kushusha maji lilikuwa limekatika, kwa hiyo kila mvua iliponyesha maji yaliporomoka kwenye kona moja ya nyumba. Kumbukeni kona hiyo, tutairudia.

UKUTA UNAOTOA CHUMVI

Sehemu ya chini ya ukuta wa mbele ilikuwa imefura na kupukutika unga mweupe. Mimi nilidhani ni rangi mbovu. Fundi akanieleza kwa mfano wa koroboi. Mafuta ya taa hupanda katika utambi bila kusukumwa na mtu. Vivyo hivyo maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe ya ukuta. Yakifika juu hukauka, yakaacha chumvi, nayo ile chumvi huisukuma rangi hadi ikavimba na kuanguka. Kwetu mambo yalizidi kwa sababu udongo wa bustani ulikuwa umelundikwa ukaegemea ukuta.

Dawa yake ni hii. Kwanza ondoa udongo huo ili ukuta upumue. Pili, sugua chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji, manake chumvi itayeyuka irudi ndani. Tatu, uache ukuta ukauke majuma kadhaa. Nne, paka kitu ambacho hakizibi pumzi ya ukuta. Kwa nyumba za mawe ya matumbawe chokaa ni rafiki wa kweli, kwani chokaa yenyewe zamani ilipatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Rangi ya mafuta huufungia ndani, ukatafuta njia kwa nguvu. Lakini chokaa huchoma macho na ngozi, kwa hivyo vaeni glovu na mjikinge macho. Na kama mnakwangua rangi ya zamani sana, iloweshe kwanza na mfunge pua na mdomo, manake rangi za kale nyingine zilitiwa madini ya risasi.

Tulichagua rangi nyeupe kama maziwa. Rangi nyepesi hurudisha mwanga wa jua, nyumba ikawa na ubaridi kidogo, na tena huonekana kubwa. Binamu yangu alitaka zambarau kama ya matatu fulani maarufu. Nyanya akamwambia, "Hiyo nyumba tunaiuza, hatuipandi." Ni kweli. Unapouza, chagua rangi itakayomfaa mgeni, si ile inayokufurahisha wewe.

MLANGO, NJIA NA MITI

Mlango wetu ni wa mvule, lakini ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata mistari ya mbao haionekani. Tuliukwangua kwa msasa siku mbili nzima, vidole vikatoka malengelenge, tukaupaka vanishi. Aisee, ulipokauka ulimeremeta kama nyota! Babu aliununua mbao zake kipande kwa kipande, na nilikuwa sijawahi kuziona.

Njia ya kutoka getini tuliifagia na kuijaza kokoto. Mtaro wa mbele tuliuzibua pamoja na majirani, kwa kuwa uchafu wa mtaro haujui mpaka wa nyumba. Tuliandika nambari ya nyumba upya na kubadilisha taa ya barazani iliyoungua, maana wanunuzi wengine huja jioni baada ya kazi. Dalali alitaka mwarobaini ukatwe. Nyanya alikataa katakata, nasi tukapogoa matawi yaliyogusa paa tu. Mti mkubwa wenye kivuli haununuliwi dukani. Mnunuzi angelazimika kungoja miaka ishirini kuupata. Maua tuliyapanda ndani ya mikebe na vyungu: asumini na bogenvilia. Usipande kitu chenye mizizi mikubwa karibu na ukuta ati kwa sababu kinapendeza.

Kwa ujumla hatukufikisha Sh15,000, ukiondoa malipo ya fundi. Haba na haba hujaza kibaba.

UFA WA DIRISHANI

Sasa turudi kwenye ile kona. Kutoka pembe ya dirisha la sebule ulishuka ufa wa mshazari hadi karibu na ardhi. Kuna nyufa na nyufa, wasomaji wapenzi. Ule mwembamba kama unywele, unaopita kwenye plasta peke yake, mara nyingi hutokana na plasta kukauka, nao si wa kukukosesha usingizi. Lakini ufa wa mshazari unaopenya hadi kwenye mawe, unaoingia ukingo wa sarafu ya shilingi, huo ni habari. Huenda unasema kwamba ardhi iliyo chini imesogea.

Dalali alipouona alisema, "Bi mkubwa, hiyo ni kazi ya nusu saa. Plasta kidogo, rangi juu, wiki ijayo mnunuzi anatia sahihi." Sitawaficha, mimi nilimuunga mkono. Nilikuwa nimechoka kumsikia nyanya akiguna usiku kila alipogeuka kitandani. Nilimwambia, "Nyanya, kwani nani atajua?"

Nyanya alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mume wangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atakayelala chini ya dirisha hilo ana mjukuu kama mimi." Sikuwa na la kujibu. Nilinywea kama kuku aliyenyeshewa.

Fundi mwashi akaukagua ufa. Akachimba kidogo pale chini, akaonyesha kwamba maji ya lile bomba lililokatika yalikuwa yamechukua udongo ulio kando ya msingi. Akasema tuanze na maji kabla ya ukuta. Bomba jipya likafungwa, maji yakaelekezwa mbali na nyumba, udongo ukajazwa na kushindiliwa. Halafu, badala ya kuuziba ufa, alichora kwa penseli alama mbili, moja kila upande wa ufa, umbali wa milimita 50, akaandika tarehe: 18 Januari 2025. Akaniambia, "Wewe ndiye msomi. Pima kila Jumamosi uandike. Masika ndiyo hakimu. Alama zikiachana, msingi bado unatembea. Zisipoachana, ugonjwa umepona, limebaki kovu."

Mnafahamu maana yake? Maana yake nyanya angoje hadi mvua zipite, na magoti yake yale. Dalali alikasirika akapotea majuma mengi. Mimi kila Jumamosi nilipima kwa rula yangu ya hisabati. Mvua zilipoanza kunyesha nilikuwa natoka shuleni mbio niende nikatazame, moyo ukidunda kama ngoma. Tarehe 31 Mei umbali ulikuwa milimita 50 zile zile. Hapo ndipo fundi alipouziba ufa, na plasta yake tukaiacha bila rangi kwa makusudi, mnunuzi apaone.

USO WA MAKARATASI

Kabla sijamaliza kisa, niseme kidogo juu ya uso mwingine wa nyumba, nao ni makaratasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi makini atakwenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kupekua hati, kwa hivyo hakikisha jina na ramani ni sawa. Uwe na cheti cha kuonyesha kuwa kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, na hilo atalipigia hesabu anapotaja bei. Muuzaji naye ajue kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Lakini aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, kama nyanya, husamehewa. Mambo haya muulizeni wakili, si dalali.

Babu naye alikuwa na daftari lake. Aliandika humo kila kazi aliyoifanya nyumbani: lini alibadilisha mabati, lini aliezua jikoni, fundi alilipwa ngapi. Tuliliweka pamoja na hati.

MNUNUZI WA TATU

Siku moja ya Jumapili mwezi wa Juni walikuja mama mmoja muuguzi na mumewe. Walisimama ng'ambo ya barabara, palepale niliposimama mimi na daftari langu. Kisha wakavuka. Geti halikulia. Walimwamkia nyanya, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni," wakaketi barazani, wakaletewa maji. Walipokwisha kuzunguka vyumba vyote nyanya akaniita: "Mjukuu wangu, waonyeshe wageni ufa."

Niliwaonyesha. Niliwaeleza habari za bomba, nikawapa karatasi yangu ya vipimo, majuma 20 kwa mwandiko wangu. Yule mume aliinama akazitazama alama za penseli kitambo kizuri. Juma lililofuata walileta fundi wao, akathibitisha. Waliomba bei ipunguzwe kidogo kwa ajili ya ukuta huo, nyanya akakubali. Bei yenyewe ni siri ya nyanya, ila najua ilikuwa mbali sana na ile iliyomchekesha. Baadaye yule mama alituambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema walikuwa wameona nyumba nne zilizopakwa rangi mpya, na katika zote hawakuambiwa ubovu hata mmoja, kwa hivyo waliziogopa zote.

Nyanya alipasuliwa goti la kwanza mwezi wa Agosti 2025. Sasa yuko Voi, anatembea kwa mkongojo, na anawasalimu.

Basi wenzangu, huenda siku moja mzazi wako akataka kuuza nyumba, au hata pikipiki, au ng'ombe. Safisha, ng'arisha, pamba. Usione haya, kwa maana chema kilichofunikwa na taka hakiwezi kujiuza. Lakini rangi iwe ya kuonyesha wema uliopo, isiwe ya kuficha ubaya uliopo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiuziba kwa rangi tu, ukuta huo atakuja kuujenga mwenzako, naye atalikumbuka jina lako.